Kwa Fundi Atakayeng'oa Ubao Huu

Sijui jina lako wala mwaka wako.
Mimi ni Lennox Ramdehol, seremala wa Georgetown, Guyana.
Hapa ni orofa ya juu, ukumbi wa zamani wa mnada,
upande wa kaskazini, dirisha la tatu.
Naandika kwa penseli. Wino hauwezi unyevu wa huku.

Jua kwanza kwamba jiji hili limekaa chini ya bahari.
Waholanzi walichimba mifereji, ndivyo tulivyofundishwa shule;
yaani wao walionyesha kwa kidole,
na waliochimba walikuwa watu wa kununuliwa,
hata koleo hazikuwa zao.
Ndiyo maana kila kitu hapa kina miguu:
kanisa limesimama juu ya nguzo, benki juu ya nguzo,
mahakama nayo imepandisha sketi isilowe.

Nimekwangua rangi siku nne.
Juu kulikuwa na kijani, ya ofisi ya pensheni,
ambako shangazi yangu Eulene alipanga foleni na kiti chake kichwani.
Chini yake nyeupe: masista na mayatima wao,
na kimo cha mtoto mmoja kimechorwa mara tatu,
mara ya tatu hajaongezeka.
Chini yake hudhurungi, enzi ya sukari,
dalali akipiga nyundo mezani,
na mimi sitaki kujua yote yaliyouzwa kwa nyundo ile.
Kisha ubao wenyewe, mti wa msitu wetu,
mgumu kama deni.
Umenivunjia misumeno miwili.

Moto ulikula nyumba za jirani, kulia na kushoto.
Hii ilipona.
Kwenye kibao cha shaba wameandika neno "tukufu".
Upepo uligeuka, basi.

Jana nilipoondoa ubao huu niliwakuta wenzangu.
Quamina ameandika: siku tisa, malipo bado.
Chini yake mkono mwingine, herufi za Kihindi,
ambazo babu yangu angezisoma,
nami nimezipitishia kidole tu, kama kipofu.
Mreno fulani amechora pua ya msimamizi,
pua ndefu, yenye msumari nchani.
Nilicheka peke yangu huku juu
mpaka popo wakahama.

Mhandisi wa baraza, Bi Thessaly Adonis, alipanda ngazi akihema.
Ana picha ya jengo la vioo.
Zege, akasema, haliliwi na mchwa.
Nikamjibu, kweli, ila tope letu hulila zege zima zima,
polepole, bila kutafuna.
Akaandika kitu kwenye daftari lake.
Usipoziba ufa utajenga ukuta;
baraza letu limeutazama ufa miaka thelathini
na sasa limeunda kamati.
Simlaumu. Alipoondoka aliligusa dirisha
kama mtu anayempima mtoto homa.

Sasa sikiliza, haya ndiyo niliyotaka kukuambia.
Boriti ya pili kutoka mlangoni imeoza ndani, nje inang'aa.
Nimeifunga kiraka; usikiamini.
Misumari ya zamani ina pembe nne, usiitupe,
inyooshe, itarudi kazini.
Na dirisha hili la tatu, tafadhali, usilinyooshe.
Nimeweka pima maji mara nne, na mara nne limenicheka.
Nyumba imeinama kuelekea baharini kwa upana wa vidole viwili,
na dirisha limeinama nayo, kama mume na mke wazee.
Ukilitia adabu litakwama,
na upepo wa saa tisa hautaingia tena.

Usione zimesimama, zimeundwa.
Lennox: wiki sita, nusu ya malipo imekuja.
Nusu ya pili ukisikia habari zake, iandike hapa chini,
nafasi nimekuachia.
Penseli iko juu ya papi, mkono wa kushoto.
Ichonge kwanza.